Mto ukichafuliwa Arusha: namna ya kuandika malalamiko yasiishie masjala

Mteja wangu wa soko la Kilombero, mama mwenye mgahawa, alichukua fungu la figiri, akalisogeza puani, akalirudisha kwenye kreti. "Mama Neema," akaniambia kwa sauti ya chini ili wenzangu wasisikie, "figiri yako leo inanuka sabuni." Figiri ile nilikuwa nimeing'oa alfajiri na kuiosha kwa mikono yangu. Mikono yenyewe ilikuwa ikiniwasha tangu niitoe majini, nikadhani ni baridi.

Nalima mboga kando ya kijito kinachoingia Mto Themi, na ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu. Nimeshapeleka malalamiko ya uchafuzi mara mbili. Ya kwanza hayakufika popote. Ya pili yalileta wakaguzi, bomba likazibwa, na mwenye shughuli akatakiwa ajenge mashimo ya kutuamisha majitaka yake. Kiwanda chenyewe sikitaji, kwa kuwa kimetekeleza kilichoamriwa. Ninachotaka kukuandikia ni tofauti ya mara ile ya kwanza na ya pili, maana watu wengi Arusha na Moshi wanaishia kwenye ile ya kwanza kisha wanasema serikali haisikii.

Mara ya kwanza tulikwenda kina mama kumi na mmoja, tumebeba majani ya mchicha yaliyoungua. Tulisema kwa uchungu, tukasikilizwa vizuri, tukaahidiwa kwamba litashughulikiwa. Miezi mitatu baadaye nikarudi. Ofisa tuliyeongea naye alikuwa amehamishwa, na kijana wa masjala akaniuliza: "Mama, kumbukumbu namba ya barua yenu ni ngapi?" Hatukuwa na barua. Kwa upande wa ofisi ile, sisi hatukuwahi kufika.

Kwa hiyo anza na daftari. Nunua kauntabuku ya kwaya mbili, andika juu yake jina la mto na mwaka, na kuanzia hapo kila unachokiona kiingie humo siku hiyohiyo. Tarehe, saa, mahali, rangi ya maji, harufu, urefu wa povu kwa kukadiria, kama kulikuwa na mvua jana yake, nani alikuwepo, na sahihi za walioona. Ukurasa wangu wa kwanza unasomeka hivi: "Jumanne, saa 11:20 alfajiri. Darajani. Maji ya kijivu, povu jeupe linafika kwenye kifundo cha mguu, harufu ya sabuni na kitu kama yai viza. Jana hakukunyesha. Tumeona watatu." Chini yake kuna sahihi tatu, moja ya mzee asiyejua kuandika ambaye aliweka dole gumba.

Nilipofika ukurasa wa tisa ndipo daftari lilipoanza kunifundisha. Povu lilikuwa linakuja Jumanne na Ijumaa, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Jumapili hakuna, sikukuu hakuna. Mto hauna ratiba ya namna hiyo, mwenye ratiba ni mtu. Na ratiba hiyo ndiyo baadaye iliyomwambia mkaguzi aje siku gani na saa ngapi. Malalamiko mengi yanakufa hapa: mkaguzi anakuja Jumatano saa nne asubuhi, anakuta maji yanang'aa, anaandika "hakuna kilichoonekana", na aliyelalamika anaonekana mwongo.

Picha piga, lakini zipige kwa akili. Washa sehemu ya mahali kwenye kamera ya simu ili kila picha ibebe eneo ilipopigwa. Weka ndani ya picha kitu kisichohama: daraja, jiwe kubwa, au nguzo ya umeme yenye namba. Halafu usiifute picha ya asili kwenye simu baada ya kuituma WhatsApp, kwa sababu ikipita huko inapunguzwa ubora na zile taarifa za mahali na saa zinaondoka. Picha ya ushahidi ni ile iliyobaki kwenye simu. Usiingie kwenye eneo la mtu kuipiga. Simama barabarani au ng'ambo ya mto. Ukiruka ukuta, kesi inageuka na kuwa yako.

Na nakuomba sana, usikimbilie kuirusha mitandaoni ukiwa na jina la kiwanda. Naelewa hasira hiyo, nimeionja. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina adhabu kwa taarifa ya uongo, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Kama huna kipimo cha maabara mkononi, unampa wakili wake kazi rahisi. Peleka kwanza kwenye ofisi zenye mamlaka.

Sasa chupa. Sampuli utakayochukua wewe haitakuwa na uzito mahakamani kama ile ya mkaguzi, lakini inasaidia kuwafanya wahusika wanyanyuke kwenye viti. Chukua sehemu tatu: juu ya bomba, pale linapomwaga, na chini yake kama hatua hamsini. Bila ile ya juu, mwenye kiwanda atasema maji yalikuja yamechafuka kutoka milimani, na utakuwa huna la kumjibu. Vaa glavu. Suuza chupa safi mara tatu kwa maji yaleyale unayotaka kuyachukua, kisha ijaze mpaka mdomoni pasibaki hewa, funga, bandika karatasi yenye saa na mahali. Iweke kwenye barafu mara moja. Mimi nilitumia ndoo ya plastiki yenye kifuniko na mifuko ya barafu ya shilingi mia mia ya dukani kwa Mangi. Kipimo cha kujua uchafu unakula kiasi gani cha hewa ya maji kinaharibika sampuli ikikaa kwenye joto, kwa hiyo ifike maabara kabla ya saa 24 kwisha. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Kanda ya Kaskazini iko hapahapa Arusha. Piga simu kabla, uulize gharama na siku wanazopokea, kwa sababu vipimo vinalipiwa, sisi tulichangishana.

Majibu yakitoka, yalinganishe na viwango. Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za mwaka 2007 zinasema majitaka yanayomwagwa mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita kwenye kipimo cha hewa inayoliwa na vijidudu kwa siku 5 (BOD), wala miligramu 60 kwa kile cha hewa inayoliwa na kemikali (COD). Chembe zinazoelea zisizidi miligramu 100, na ukali wa maji (pH) uwe kati ya 6.5 na 8.5. Hicho cha mwisho unaweza kukipima mwenyewe kwa vile vikaratasi vinavyobadilika rangi. Chetu kiligeuka buluu iliyokoza mpaka mume wangu akadhani nimekichovya kwenye wino. Mkono ulikuwa umeniwasha kwa sababu.

Kwa nini nasisitiza chupa ya saa ya kwanza? Kumbuka Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakaelea. Waziri wa mazingira wa wakati ule, Selemani Jafo, aliunda kamati, na kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Watu wengi hawakuridhika na majibu yale. Mimi sikuwepo Mara na sitoi hukumu. Nilichokichukua kule ni kwamba maji ya tukio huwa yameshateremka kabla wataalamu hawajafika, na aliyepo mtoni saa ile ni mkulima, mvuvi au mama anayefua.

Tuje kwenye ofisi, maana hapa ndipo watu wanazungushwa. Uchafuzi wa mto unagusa milango kadhaa, na kila mlango una swali lake. Mtendaji wa mtaa na wa kata ni lazima wajue kwanza, si kwa sababu wana uwezo wa kuzuia kiwanda, ila kila utakakokwenda utaulizwa kama walijua. Halmashauri ina afisa mazingira na maafisa afya. Hao ndio wa karibu wanaoweza kufika siku hiyohiyo. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, ndiyo inayosimamia mito yetu yote hii, Themi, Kikuletwa, Weruweru, Karanga, Rau, mpaka maji yanapoingia Bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea hadi baharini Pangani. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayemwaga majitaka mtoni anatakiwa awe na kibali cha bonde. Swali la kuwauliza kwa maandishi ni moja: je, mtu huyu ana kibali cha kutiririsha majitaka, na masharti yake ni yapi? Na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambao wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha, waulize kama mradi ule una cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira na lini ulifanyiwa ukaguzi wa mwisho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 172, inakupa haki ya kupata taarifa za mazingira. Usiombe kama unaomba msaada. Uliza kwa heshima, ukitaja kifungu.

Sisi tulipouliza maswali yale mawili, kila ofisi ilibidi ifungue jalada la kiwanda kile na kutazama. Hilo peke yake lilisogeza mambo kuliko machozi yetu yote ya mwaka uliotangulia.

Barua iwe ukurasa mmoja. Hii hapa ya kwetu, nimetoa majina:

"YAH: MALALAMIKO YA KUTIRIRISHWA MAJITAKA KATIKA KIJITO KINACHOINGIA MTO THEMI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa mtaa huu tunaleta kwako malalamiko kwamba majitaka yenye povu na harufu yanamwagwa kijitoni kupitia bomba lililo mita zipatazo 60 juu ya daraja, kila Jumanne na Ijumaa kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri. Tumeshuhudia mara 14 katika wiki 8. Nakala ya kumbukumbu zetu, picha 9 na majibu ya maabara tumeambatisha.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinatupa haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Tunaomba (i) mkaguzi afike Jumanne au Ijumaa kabla ya saa 12 alfajiri na achukue sampuli, (ii) tujulishwe kama mhusika ana kibali cha kutiririsha majitaka, (iii) tupate majibu ya maandishi.

Ahsante kwa ushirikiano wako."

Chini yake majina, sahihi na simu za watu 23. Juu, kabla ya anwani ya mpokeaji, kulikuwa na mstari wa "Kupitia kwa Mtendaji wa Mtaa", naye akagonga mhuri wake. Mwisho kabisa, orodha ya nakala: kata, halmashauri, bonde, NEMC, mbunge. Ofisa akiona nakala imekwenda kwa wenzake wanne, anajua kila mmoja atataka kujua yeye amefanya nini.

Angalia kilichokosekana katika barua ile. Haina matusi, haina "inasemekana", haimtuhumu mtu kwamba amehonga. Ina siku, saa na namba. Andika ulichokiona kwa macho yako tu. Mwenzetu mmoja alitaka tuongeze kwamba watoto wawili wa jirani waliharisha kwa sababu ya maji yale. Huenda ni kweli. Hatukuwa na karatasi ya daktari inayosema hivyo, tukaliacha, na nilimwomba radhi kwa hilo kwa kuwa alikuwa anawapenda watoto wale. Kama una karatasi ya zahanati, iambatishe.

Peleka kwa mkono. Chukua nakala mbili, moja uiache, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Kama mhuri "haupo leo", omba wasaini kwenye dispachi yako, ambayo inaweza kuwa ukurasa wa lile daftari. Rudi baada ya siku 14, taja kumbukumbu namba, uliza jalada liko meza gani. Nenda watu wawili, wasizidi watatu. Salimia, kaa, subiri. Katika ofisi hizi nimekutana na vijana wanaotaka kwa dhati kufanya kazi lakini hawana gari wala mafuta. Malalamiko yenye siku na saa kamili yanawarahisishia kuomba gari.

Katikati ya yote hayo alikuja nyumbani kijana aliyevaa vizuri, akanisalimia, "Shikamoo mama," akakaa, akanywa chai. Akasema kuna watu wangependa kutusaidia kina mama kununua mbegu. Niliuliza mbegu hizo zina masharti gani. Akacheka, akasema hazina, ila tu tuwe na subira na mto. Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikaandika kwenye daftari: jina alilolitaja, saa aliyofika, maneno yake, na kwamba sikupokea kitu. Likikufikia na wewe, fanya hivyo. TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo, na tangu 2015 tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Ukiona hatari ya kweli, usilale nyumbani peke yako na mwambie mwenyekiti wa mtaa.

Mkaguzi alikuja Ijumaa saa kumi na moja kasorobo, na mwenzake wa bonde. Giza lilikuwa bado. Walisimama darajani na tochi, wakasubiri, sisi tumekaa kimya kwenye nyasi. Saa kumi na moja na dakika kumi bomba likakohoa mara mbili, kisha likaanza. Wakachukua sampuli, wakaziba chupa kwa lakiri mbele yetu, wakaandika namba, wakapanda moja kwa moja mpaka getini. Sheria inawapa wakaguzi wa mazingira uwezo wa kuingia na kukagua mahali pa shughuli na kuchukua sampuli, jambo ambalo mimi na wewe hatuna. Ndiyo sababu tuliwataka wao wawepo saa ileile.

Kisha likaja jambo ambalo lazima nikuambie kabla hujaandika barua yako. Walipomaliza kule juu, wakateremka na futikamba wakapima mashamba yetu. Kifungu cha 57 cha Sheria ileile ya Usimamizi wa Mazingira kinakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Matuta yangu mawili ya figiri na moja la mnafu yalikuwa mita 38. Wenzangu wengine walikuwa karibu zaidi ya hapo. Mama Upendo alilia. Alisema, sisi ndio tuliowaita, sasa wanatufukuza sisi.

Niliumia pamoja naye, na bado nasema mkaguzi alikuwa sahihi. Mbolea na dawa ya wadudu ninayonyunyizia mita 38 kutoka majini inaingia majini. Nisingeweza kumsomea mwenzangu kifungu cha 4 huku nikikiruka cha 57. Tuliomba muda wa kuvuna, tukapewa, kisha nikahamia kwenye kipande cha shemeji yangu juu ya barabara, ambako maji ya kumwagilia ni ya kununua na faida imepungua. Ukingoni tumepanda matete na migomba pori. Waambie wenzako hili mapema kabisa, kwenye kikao cha kwanza, mbele ya wote. Asiyekuwa tayari kuhama asisaini. Wengine walitutenga kwa muda kwa sababu sikuwa nimewaambia, na lawama hiyo ni halali yangu.

Adhabu za uchafuzi si ndogo. Kifungu cha 187 kinaweka faini kuanzia shilingi milioni 3 hadi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote pamoja. Mengi hayafiki huko. Mhusika hukiri kosa, analipa faini ya papo kwa papo, anapewa amri ya kurekebisha na muda wa kufanya hivyo. Mimi sina kinyongo na njia hiyo kama marekebisho yanafanyika. Kinachokuhusu wewe ni tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye amri. Iulize, iandike kwenye daftari, na siku hiyo ikifika nenda ukaangalie bomba.

Majibu yasipokuja kabisa, ipo mahakama. Kifungu cha 5 kinamruhusu mtu yeyote ambaye haki yake ya mazingira safi inatishiwa kumshtaki anayeitishia, na mahakama inaweza kuamuru aache, arejeshe hali ya zamani, afidie, hata kumlazimisha mtumishi wa umma atimize wajibu wake. Ukitaka kuishtaki serikali au halmashauri, unatakiwa kutoa kwanza notisi ya siku 90. Tafuta wakili, au chama cha msaada wa kisheria. Hili usilifanye kwa kubahatisha.

Wanaokuambia watu wadogo hawashindi, wasimulie habari za Tabata. Mwaka 1988, kabla hatujawa na sheria hii, Joseph Kessy na wenzake wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa dampo lililokuwa likiwaka moto na kuwafukizia moshi na harufu. Walishinda. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, likiongezwa linaomba tena, mpaka Jaji Lugakingira alipokataa, akitumia haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Dampo likahamishiwa Kunduchi Mtongani, na huko nako Festo Balegele na wenzake 794 wakaenda mahakamani, nao wakashinda.

Na hapa mjini kwetu zipo mahakama mbili ambazo watu hupita kila siku bila kujua zimesema nini kuhusu mazingira. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Juni 2014, iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, katika shauri lililoletwa na shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya. Mlango wake uko wazi kwa raia wa kawaida, lakini una miezi 2 tu tangu jambo litokee au ulijue, kwa hiyo anayefikiria kwenda huko asikae. Ile nyingine, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo njia ya Dodoma, Septemba 5, 2023 iliamua kwamba Côte d'Ivoire ilivunja haki za watu wake kufuatia taka za sumu za meli ya Probo Koala zilizomwagwa Abidjan mwaka 2006. Miaka 17 ilipita. Waliofanikiwa walikuwa na kumbukumbu. Kwa Mtanzania mmojammoja, mlango huo wa pili umefungwa tangu Novemba 2020, kujitoa kwa serikali yetu kwenye tamko lililoruhusu watu binafsi kufungua mashauri moja kwa moja kulipoanza kutumika. Naliandika kwa masikitiko, kwa sababu jengo lenyewe liko kwetu.

Kelele za baa na spika za mikutano ya usiku zina njia yake, na ni fupi: kanuni za mwaka 2015 zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa makazi, na anayepima ni ofisa mwenye kifaa, kwa hiyo naye umwite kwa siku na saa unazozijua. Ukiona gari la kunyonya majitaka linamwaga mtoni usiku, kitu cha kukimbilia ni namba ya gari na saa. Chupa inaweza kusubiri dakika mbili.

Nimalizie na masika, kwa sababu ndiyo inayotupiga chenga. Mvua kubwa ikinyesha, anayetaka kumwaga anajua povu litachanganyika na tope na hakuna atakayeona. Mwaka jana Machi nilipata kurasa sita tupu, nikafurahi, kumbe wakati wote huo chini ya maji ya kahawia kulikuwa na harufu. Sasa wakati wa mvua tunafanya mambo mawili tofauti. Tunaandika harufu kabla ya rangi, na tunachovya kikaratasi juu ya bomba na chini ya bomba kila Jumanne na Ijumaa, hata kama mto umejaa. Tofauti ya rangi kati ya vikaratasi hivyo viwili haifichwi na tope. Tunavibandika kwenye ukurasa kwa gundi, tunaandika saa pembeni, na kila mwisho wa mwezi ninapiga picha kurasa zote na kumwachia mwanangu Neema nakala, kwa kuwa nyumba yetu iko bondeni na maji yaliwahi kuingia mpaka kwenye kabati.